Mafundi wa milango ya maghala: nilivyowapata, na nilivyompoteza aliyekuwa bora

Mkuu, swali lako lilininyima usingizi miaka yangu miwili ya mwanzo. Unasema umepata kazi mbili za kufunga rola shata kubwa, ile milango ya chuma inayojikunja juu, kwenye maghala ya Vingunguti, mzigo unaagiza China, na wiki tatu umetangaza nafasi ya "fundi wa milango ya viwandani" bila kupata mtu wa maana. Sisi tuko wanane, hapa hapa Dar, huu mwaka wa tisa.

Acha kumtafuta huyo fundi, maana aliyeiva tayari ana tajiri wake. Chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe wanatoka vijana wazuri wa kuchomelea na wazuri wa umeme, ila kazi yetu inachanganya yote: reli unazifunga ukutani, mota inataka fezi tatu, springi inayobeba mlango inataka mtu anayeelewa uzito. Mimi nachukua mchomeleaji au fundi umeme anayejua kupima, mengine namfundisha.

Namna ya kumjua ni hii. Pale yadi tuna uwazi wa mlango ukutani. Nampa futi kamba, timazi na pimamaji, namwambia aniletee vipimo, kisha naondoka. Akipima upana mara moja tu na kuniandikia namba, nampa nauli yake na kumshukuru. Akipima chini, katikati na juu, akavuta kamba kona kwa kona, akapiga magoti kuangalia kama sakafu imelala sawa, huyo namchukua hata kama hajawahi kugusa rola shata maishani.

Somo hilo nililipia. Mlango wa mita 4.5, tulipima chini peke yake. Mzigo umefika, tunapandisha reli, kumbe ukuta juu umeingia ndani sentimita 3. Siku mbili tunabomoa na kupiga plasta upya kwa hela yetu, malori ya mteja yamepanga foleni nje. Siku hizi fundi anapima, mimi napima peke yangu bila kuona namba zake, ndipo tunalinganisha. Tukipishana zaidi ya milimita 5 tunarudi saiti wote wawili. Na gonga ukuta kabla hujatoa bei: tofali la matundu halishiki anka bolti, ile bolti inayotanuka ndani ya ukuta, ya mlango mzito. Kama hakuna nguzo ya zege, mwambie mteja mapema amwage nguzo au uweke fremu ya chuma.

Springi naomba uisome polepole. Mwaka wa tatu kijana wetu alikuwa anakaza springi ya mlango wa paneli. Kazi ile ina fimbo mbili za chuma zinazokaa sawasawa kwenye matundu yake. Unaingiza moja, unazungusha robo, unaingiza ya pili ndipo unachomoa ya kwanza. Fimbo moja ilikuwa imesahaulika yadi, akatumia bisibisi. Nilikuwa chini nashika ngazi. Nilisikia mlio mmoja mkali, bisibisi ikapiga bati la paa, naye akawa ameshika mkono wake hasemi kitu. Mfupa wa kifundo ulivunjika. Alikuwa deiwaka, kibarua wa siku, sikuwa nimemwandikisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kwa hiyo matibabu na miezi mitatu ya kukaa nyumbani niliigharamia mwenyewe, na ilikuwa haki yake. Yule mama yake aliponipokea mlangoni bila kunilaumu, niliumia zaidi kuliko angenitukana. Tangu siku hiyo hakuna mtu wangu anayepanda ngazi kabla hajaandikishwa, na mgeni hagusi springi miezi sita ya kwanza. Ukimaliza kukaza, nyanyua mlango kwa mkono hadi nusu na uuachie: ukibaki hapo hapo, springi iko sawa.

Kuwapata ni nusu ya kazi, maana wanaondoka. Fundi wangu bora aliondoka na wasaidizi wawili kwa sababu mteja alichelewesha malipo wiki sita, nami nikawaambia wasubiri kama ninavyosubiri mimi. Wao hawakusaini mkataba na mteja, walisaini na mimi. Sasa sichukui kazi mpya kabla sijaweka pembeni mishahara ya miezi miwili.

Kilichowatuliza hasa ni mikataba ya matengenezo. Milango ya Kurasini inapigwa na hewa ya chumvi, minyororo inashika kutu, reli zinajaa vumbi. Kila miezi sita tunapita kusafisha, kupaka grisi na kujaribu breki ya usalama. Bei yake ni ndogo, lakini tenda zikikauka mafundi wana kazi, hawaendi kuchomelea madirisha mtaani wakapotelea huko.

Wale waliojifunzia mtaani wapeleke VETA wakapimwe ujuzi wao, kuna utaratibu wa kuutambua na kupewa cheti. Wangu wawili wamekipata, na viwandani wakiulizwa vyeti getini hawarudishwi tena.

Kabla hujalipia huo mzigo wa China, nenda Vingunguti ukapime mwenyewe, pamoja na nafasi ya juu ya mlango ambako rola itakaa. Weka vipimo hapa, nitavipitia leo usiku.