Nenda Romania, ila watoto waachie wenyewe

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, nikamsomea na baba yako. Unasema vijana wa kanisa lenu hapo Ujerumani wanakwenda Romania wakati wa kiangazi, wiki mbili, kijijini karibu na mji wa Sibiu. Watapaka rangi kituo cha watoto, watacheza na hao watoto, na wengine watatengeneza nyumba za wazee. Unauliza uende nao, au ile nauli uitume kule iwe mchango na wewe ubaki kazini.

Baba yako alijibu kabla sijamaliza kusoma: atume hela. Mimi nasema nenda, lakini jiandikishe kwa wazee. Kwa watoto usiende.

Habari za watoto wa Romania nilizijua kabla hujazaliwa. Mwaka 1966 mtawala wao, Nicolae Ceaușescu, alitoa amri namba 770, akapiga marufuku karibu utoaji mimba wote. Dawa za uzazi wa mpango nazo zikawa hazionekani. Alitaka taifa liwe na watu wengi. Kisha miaka ya 1980 akaamua kulipa madeni ya nje, chakula kikasafirishwa kwenda kuuzwa, na raia wakakaa kwenye baridi bila umeme wa kutosha. Mtu ana watoto asioweza kuwalisha, na serikali inamwambia walete, sisi tutawalea. Alipopinduliwa na kupigwa risasi siku ya Krismasi 1989, milango ya vituo vya kulelea watoto ikafunguliwa, wakakutwa humo watoto zaidi ya laki moja. Wengi wao hawakuwa yatima. Baba na mama walikuwepo.

Basi Ulaya nzima ikapakia malori. Makanisa, madaktari, vijana kama nyie. Maziwa na mablanketi yale yaliokoa watu, sitayabeza. Lakini mwaka 2000 watafiti watatu, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza kuwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest, mji mkuu wao. Nusu walipelekwa kwa walezi wa kambo, nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya vituo. Waliopata mlezi wao mmoja, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, walikwenda vizuri zaidi katika mambo mengi, akili na mapenzi. Kitanda na chakula vilikuwepo kituoni. Kilichokosekana ni mtu yule yule, leo na kesho.

Nimefanya unesi wodi ya watoto, hili halikunishangaza. Mtoto mdogo anayelia mgeni akimbeba hanipi wasiwasi. Ninayemwangalia mara mbili ni yule anayemrukia kila aingiaye mlangoni na kumng'ang'ania shingoni. Sasa fikiria kituo kinachopokea vijana wapya kila kiangazi. Watakupenda siku ya kwanza, watakupanda mgongoni, na siku ya basi kuondoka mtalia nyote. Wewe utarudi na picha. Mtoto atakuwa amejifunza tena kwamba wanaomkumbatia huwa wanaondoka.

Waromania wenyewe wameshalitambua hili. Sheria yao ya mwaka 2004 ilikataza kuweka vituoni watoto wa chini ya miaka miwili, isipokuwa wenye ulemavu mkubwa, na vingi vya vile vituo vikubwa vimefungwa. Kwa hiyo muulize kiongozi wenu bila haya: kituo hiki ni cha watoto gani, na Novemba, nyie mkiwa mmeshasahau, nani anakaa nao? Kama ni mahali pa kufanyia masomo mchana na jioni mtoto anarudi kwa bibi yake, hiyo ni habari nyingine. Wapo watoto wengi kule ambao wazazi wao wako Italia na Hispania wanatafuta maisha. Hilo sina haja ya kukueleza wewe.

Upande wa wazee ndio wenye kazi. Vijiji vingi vya huko vilikuwa vya Wasaksoni, Walutheri wanaosema Kijerumani, walioingia Transilvania, eneo lenye huo mji wa Sibiu, tangu karne ya 12. Baada ya 1989 walihama kwa makundi kwenda Ujerumani, nyumba zikabaki na wazee wachache au bila mtu. Klaus Iohannis, aliyechaguliwa kuwa rais mwaka 2014, ametoka kwa hao. Nahisi hata kanisa lenu limeangukia Sibiu kwa njia hiyo. Uliza, utakuta mzee mmoja hapo kwaya ni mzaliwa wa kule. Paa linalovuja, kuni za kupasua kabla ya baridi, ngazi iliyooza. Kazi hizo zinabaki hata mkiondoka.

Na mfanye chini ya fundi wa kwao. Hapa usharikani tumepokea wageni wengi, unawakumbuka. Ukuta wa zahanati umepakwa rangi hadi rangi ikawa nene kuliko plasta. Ila yule fundi umeme aliyeshinda na fundi wetu juu ya dari, akimpa koleo na kunyamaza, taa alizoweka zinawaka hadi leo.

Kuhubiri, punguzeni. Wengi wa Waromania ni Waorthodoksi. Monasteri yao ya Voroneț, ile yenye kuta zilizochorwa Biblia nje, ilijengwa 1488. Kwetu wamisionari wa Leipzig, wa Ujerumani, walifika Kilimanjaro 1893 tu; wao wameijua Injili kabla yetu. Na mapinduzi yenyewe ya 1989 yalianzia mji wa Timișoara, waumini walipozunguka nyumba ya mchungaji László Tőkés asiondolewe. Ukialikwa kanisani simama nao, maana ibada ni ndefu, vaa viatu vizuri.

Watakutazama, hilo ulijue. Vijijini mtu mweusi haonekani kila siku. Wengi watakutazama kwa udadisi tu, halafu watakuletea mămăligă, ambayo ni ugali wa mahindi ya njano, laini kidogo kwa mkono wako. Lakini utasikia pia watu wakiwasema Waroma, wale wanaoitwa Jipsi: wavivu, wezi, hawasomi. Waroma walikuwa watumwa katika nchi hiyo, mali ya watawala, mabwana na monasteri, hadi 1855 na 1856. Wewe sentensi za namna hiyo umeshasemwa kwenye treni za huko uliko. Usizichekee.

Picha za wazee, omba ruhusa kwanza, na nyumba ya mtu iliyobomoka usiirushe mtandaoni. Yesu alishasema juu ya mkono wa kushoto na wa kuume.

Hoja ya baba yako nayo ina uzito, hivyo fanya hivi: usinunue begi jipya wala viatu vya safari, hela hiyo ipeleke usharika wa kule kwa ajili ya kuni za wazee. Ipite kwa mchungaji wao, isipite kwa kikundi chenu. Tena baba yako anataka namba ya huyo mchungaji. Sijui wataongea lugha gani, lakini mtumie.

Mama yako