Jimbo la Old Sarum lilipataje wabunge wawili?

Ndugu umeuliza iliwezekanaje Old Sarum, mahame katika kaunti ya Wiltshire, Uingereza, kupeleka wabunge wawili London. Sababu ni kwamba haki ya kuchagua ilifungamana na viwanja vya mji wa kale, si na wakazi, na haki hiyo ilibaki hata baada ya watu kuhamia Salisbury, ambako ujenzi wa kanisa kuu jipya ulianza mwaka 1220. Aliyemiliki ardhi ndiye aliyemiliki kura. Ndivyo ukoo wa Pitt ulivyomwingiza bungeni William Pitt mwaka 1735, naye baadaye akawa waziri mkuu. Kura zenyewe, chache mno, zilipigwa chini ya mti shambani. Jimbo lilifutwa na Sheria ya Mageuzi ya 1832, iliyorekebisha uwakilishi bungeni.