Ukiambiwa zilizopendwa ni za wazee

Weka wimbo wa Les Wanyika, bendi ya zilizopendwa, kwenye gari lililojaa vijana wa Nairobi uone: "Aah, toa hizo za wazee!" Wengi wanaoziweka hapo hucheka na kusema ni kwa utani tu. Ukishaukana muziki wako hivyo, usitarajie mwingine aupe sikio. Wengine hukimbilia kuiponda Gengetone, muziki wa vijana wa Nairobi, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu mtu akitukaniwa muziki wake huanza kutetea heshima yake na magitaa yanasahaulika.

Mjibu kwa kitu anachoweza kukisikia. "Huu ndio muziki halisi" ni maneno matupu. Mwambie aifuate besi peke yake kwa dakika moja. Les Wanyika walijitenga na bendi ya Simba Wanyika mwaka 1978, na besi ya Tom Malanga pamoja na ridhimu ya Omar Shabani ndizo zinazobeba nyimbo zao: besi inanyamaza pale unapoitarajia, ridhimu inaujaza mwanya huo. Kwenye benga, muziki wa magitaa uliotokana na Waluo, muelekeze kwenye gitaa la solo linalodonoa noti mojamoja kwa namna ya nyatiti, chombo chao cha nyuzi nane, na kumjibu mwimbaji kila anapopumua. Akishikilia kwamba ni ya wazee, hesabuni pamoja: D.O. Misiani, nyota wa benga, alizaliwa 1940, na bendi yake ya Shirati Jazz ilianza miaka ya 1960. Alikuwa kijana kama yeye.

Lakini hoja zote hizo hazisaidii kama unapiga wimbo kwenye spika ya simu. Haitoi noti za chini, kwa hiyo besi unayoisifia haipo kabisa. Tumia hedifoni au spika yenye ukubwa wa kutosha. Kwenye gari ni kinyume: besi imepandishwa kwa ajili ya nyimbo za leo, na gitaa la besi la zamani linageuka mvumo mmoja. Irudishe katikati. Sauti za juu ziongeze kidogo tu, maana nakala iliyotoka kwenye kaseti itaanza kuchacharika.

Angalia pia kama wimbo umekamilika. Upande mmoja wa santuri ya 45 (inayozunguka mara 45 kwa dakika) hubeba dakika nne au tano hivi, kwa hiyo nyimbo ndefu zilikatwa vipande viwili na sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, ikaangukia upande wa pili. Nakala nyingine mtandaoni ni upande wa kwanza pekee: sauti inafifia magitaa ndiyo kwanza yanachemka. Tafuta yenye pande zote mbili, na kwa msikilizaji mgeni anzia wa pili. Wakereketwa watanuna, wanune. Akishaicheza sebene, mwanzo atauomba mwenyewe.

Ukitaka santuri yenyewe, Soko la Kenyatta jijini Nairobi zinauzwa. Iinamishe kwenye mwanga uone mikwaruzo, na uisikie ikichezwa kabla ya kulipa. Hakikisha kasi ni sahihi: ya 45 ikichezwa kwa 33 inapungua kasi kwa takriban robo, na mwimbaji anasikika kama amelewa.

Mashairi usiyatetee yote. Zipo nyimbo zinazomlaumu mwanamke kwa kila kitu, na msikilizaji makini atakuuliza. Kubali hapohapo, kisha mchagulie nyingine.