Mdogo wangu, kwenye magugu mashine kubwa haikusaidii

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa kijana mmoja. Nauweka kama ulivyo, jina nimeliacha (kwa wasiojua, hori ni mkono mwembamba wa ziwa unaoingia nchi kavu, na 15 au 40 ni nguvu za farasi za mashine ya boti): "Shikamoo kaka. Nimemaliza kuunda boti ya futi 28, nataka nianze kukusanya sangara kwenye hori za upande wa Sengerema. Watu wananiambia magugumaji huko yamezidi, mashine ya 15 itanitesa, nijibane nichukue ya 40 ili nipasue tu. Unanishauri nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa boti. Ila hilo neno lako "nipasue" limeninyima usingizi. Mke wangu aliniuliza kama kuna msiba, nikamwambia hapana, kuna kijana anataka kufanya nilichofanya mimi mwaka 2019.

Wengi mnaonisoma mnanijua kwa boti tatu na picha za sangara pale mwalo wa Kirumba, Mwanza. Mnataka kufika nilipofika, nami nawaombea mfike na mpite. Lakini habari ya mashine yangu ya kwanza sijawahi kuiandika. Leo naiandika.

Ziwani nilianza kama mtoa maji. Kazi yako ni kopo na maji yanayoingia botini, basi. Baadaye nikapewa kasia, baadaye nikashikishwa mashine ya tajiri wangu. Miaka sita. Mwaka 2019 nikatoa akiba yangu yote, mjomba akanikopesha iliyopungua, nikanunua mashine ya 15, ya mtumba lakini nzima. Boti nikakodi. Mnunuzi mmoja mkubwa akaniamini, akanipa barafu na fedha ya kuanzia.

Safari ya nne ndiyo iliyonimaliza. Tulipita kambi mbili za wavuvi, ya tatu tukaingia asubuhi, hori iko wazi kabisa, magugu tumeyaacha mbali katikati ya ghuba kama kisiwa. Tukapakia. Tulikuwa na kilo 340 kwenye barafu. Ukazuka ubishi wa mizani, tukachelewa, na ilipofika saa tisa alasiri niligeuka kutazama mdomo wa hori nikaukosa. Kijani kitupu, kutoka matete ya upande huu mpaka matete ya upande ule, na maua ya zambarau juu yake.

Mchana nchi kavu ikishapata joto, upepo unatoka ziwani kuja ukingoni, unasukuma magugu na kuyajaza ndani ya hori. Usiku nchi ikipoa, upepo unageuka na kuyarudisha ziwani. Nilikuwa nimeliona jambo hilo miaka sita bila kulitia akilini, kwa sababu aliyekuwa anaamua safari si mimi.

Palikuwa na mzee mmoja kwenye mtumbwi, anasukuma kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, taratibu kando ya matete. Akaniambia, "Kijana, lala hapa. Alfajiri yatatoka yenyewe."

Nikamjibu, "Mzee, mimi nina mashine."

Maneno hayo manne nayasikia mpaka leo.

Nikafungua mafuta. Boti iliingia kama mita 20 kwa ile kasi niliyokuja nayo, halafu mashine ikaanza kulia juu bila boti kusogea. Nikazima, nikainyanyua. Propela huioni. Kuna donge la mizizi, ile mizizi myeusi yenye manyoya kama mkia wa ng'ombe, imejisokota na kubana. Nikakata kwa kisu, nikashusha, nikawasha, mita tano ikajifunga tena. Nikakata. Nikawasha. Kila mara naongeza mafuta, nikiamini kilichopungua ni nguvu. Mara ya sita au ya saba kijana niliyekuwa naye akasema, "Kaka, haikojoi."

Kwa wasiojua: nyuma ya mashine kuna tundu dogo linalorusha maji muda wote inapofanya kazi. Hiyo ndiyo ishara kwamba maji ya kupoza yanazunguka. Yanaingilia chini, kwenye matundu madogo kama chujio pembeni mwa mguu wa mashine, karibu na propela. Mimi nilikuwa nasafisha propela tu. Matundu yale yalishazibwa na majani yaliyosagika pamoja na tope. Ndani kuna impela ya mpira inayovuta maji, na ikizunguka kavu haichukui muda kuungua.

Nikamwambia kijana, "Itakojoa tukifika maji mengi." Nikaongeza mafuta. Ilianza kuja harufu ya mpira, halafu mlio ukawa mzito, halafu kimya. Nikavuta kamba, haikusogea hata inchi. Pistoni imeshika. Niligusa kichwa cha mashine kwa haraka ya kutafuta kosa, na kovu lake liko kwenye kidole gumba cha mkono wangu wa kulia ninapoandika hapa.

Tukalala humo humo. Mbu, na viboko kwenye matete karibu kiasi cha kuwasikia wakipumua. Maji ni ya kiunoni, lakini chini ni tope la kuzama na juu ni magugu, kwa hiyo huwezi kutembea wala kuogelea. Alfajiri upepo ukageuka. Mbele ya macho yangu lile zulia likaanza kuachana, kwanza mstari mwembamba wa maji, halafu njia, halafu hori nzima ikafunguka. Yametoka yenyewe kama alivyosema mzee. Na mimi sasa sina mashine.

Aliyekuja kutuvuta ni yule yule mzee. Hakunikumbusha neno lake hata moja.

Tulifika mwaloni alasiri, barafu imekwisha, samaki macho yameingia ndani. Mnunuzi akawakataa wote, na hiyo ilikuwa haki yake. Kilichoniuma ni kwamba alisimama mbele ya wapakuzi, mama lishe na wachuuzi akasema kwa sauti, "Huyu si nahodha, huyu ni dereva wa trekta." Nilimlipa barafu yake na fedha yake mpaka shilingi ya mwisho. Mjomba nilimmalizia deni kwa miaka mitatu. Siku hizi yule mnunuzi anachukua samaki kwangu, ananiita kaka. Namwitikia vizuri. Sijasahau.

Miaka hiyo mitatu siisimulii, nilibeba magunia ya dagaa ikapita. Jambo moja tu ndani yake lina faida kwenu: nilirudi kwa yule mzee nikamwomba anifundishe. Nilikaa naye miezi minne nikisukuma pondo, bila mashine kabisa.

Yeye aliliona ziwa kabla ya magugu. Asili ya gugu lile la maua ni Amerika Kusini, na Ziwa Victoria liliingia mwishoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa akinisimulia watu walivyolipenda mwanzoni kwa ajili ya ua, na jinsi baadaye mialo ilivyozibwa mpaka mitumbwi ikashindwa kutoka. Miaka ya 1990 wataalamu wakaachia fukusi wanaolila, likapungua sana, halikuisha. Siku hizi kuna hili jipya, salvinia, dogo, lenye vinyweleo kwenye majani. Halina ua la kukushtua kwa mbali. Linalala juu ya maji kama zulia na mtu akitazama kwa haraka anaona ni maji ya kijani tu. Mwanzoni mwa 2025, kabla daraja la Kigongo-Busisi halijafunguliwa mwezi Juni, mliona wenyewe vivuko vilivyokuwa vinahangaika nalo pale. Kivuko kizima cha kubeba malori kilishindwa kupasua, mdogo wangu, nawe unataka kupasua kwa 40.

Alhamisi iliyopita nilikuwa kwenye hori ile ile ya 2019. Nilipakia kilo 600 na kidogo, saa nane mchana mdomo ukafunga. Nje kulikuwa na boti mbili zimekwama, moja ina mashine ya 40 mpya kabisa, jamaa wanaunguruma na moshi unapanda. Sikuwasha. Nilipanda juu ya omo, mbele ya boti, nikasimama nikatazama kama dakika kumi. Upepo siku ile ulikuja kwa ubavu, magugu yote yalikuwa yamelaliana upande mmoja, na upande ule upepo unakotokea palikuwa na ufa kando ya matete, hauzidi upana wa boti mbili. Nikawaambia vijana wahamishe mzigo mbele ili tezi, yaani nyuma ya boti, inyanyuke. Tukainyanyua mashine, tukashika pondo mbili. Dakika 50 tukawa nje. Nilipowasha, ikakojoa mara moja, maji mazuri. Jamaa wa 40 waliniita, nikarudi kwa pondo nikawapa njia. Nilitamani sana yule mnunuzi angekuwepo kuona. Namshukuru Mungu kwa siku ile, na sioni haya kusema nilijisikia nahodha.

Kwa hiyo ushauri wangu ndio huu: ukiona magugu, zima. Zima kabla hujaingia, si baada ya kukwama. Nyanyua mashine, safisha propela, safisha na yale matundu ya maji kwa vidole na kijiti, ndipo ushike pondo. Ukilazimika kuwasha ndani ya magugu, washa kwa mlio wa chini kabisa, na mtu mmoja kazi yake iwe kutazama mkojo wa mashine tu. Ukikatika, zima. Usiseme itakojoa mbele. Donge likianza kujifunga na bado halijabana, gia ya nyuma kwa sekunde chache inaweza kulifungua, lakini usirudi nyuma mbali maana huko nako ni magugu. Likibana, zima, nyanyua, kata. Na kabla mkono haujafika kwenye propela, gia iwe huru na ile kamba ya kuzimia iwe imechomolewa. Nimemwona mtu aliyepoteza vidole viwili kwa kusahau hilo.

Na kina kifupi je? Ni yale yale. Pima kwa pondo, usipime kwa macho, kwa sababu maji ya kwenye magugu yanadanganya. Kadiri unavyoingia kusini mwa ghuba ya Mwanza kina kinazidi kupungua, na tangu ziwa lilipopanda mwaka 2020, na tena 2024, kuna visiki na nguzo za mashamba ambazo sasa ziko chini ya maji. Pondo itakigusa kisiki kabla propela haijakigusa.

Kuna adui mwingine humo, nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki. Watu wanazitega chini ya magugu kwa sababu ni haramu na hapo hazionekani. Uzi wake ukijiviringisha nyuma ya propela unakata sili, maji yanaingia kwenye oili ya gia. Ukirudi nyumbani fungua bolti ya chini utazame. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, usiende safari nyingine, mwite fundi.

Nimeona vijana wengi wanakopa fedha ya mashine kubwa na hawana fedha ya jaketi la kuokolea maisha hata moja. Hilo linanikasirisha na nalisema bila kuficha. Abiria na samaki wote wamewekwa mikononi mwako, na mama zao wanawasubiri. Ukishuka kwenye maji ya magugu kusukuma boti, jua kwamba konokono wa kichocho wanajificha humo, nenda ukapime usisubiri dalili. Na ukishatoka, toa vipande vya magugu kwenye boti uvimwage nchi kavu, mbali na maji. Kipande kidogo cha salvinia ukikipeleka mwalo mwingine, umewapelekea ndugu zako njaa. Mungu alitupa ziwa hili bure, sisi tunaligeuza shamba la magugu kwa uvivu wa kuinama dakika tano.

Sasa swali lako, mdogo wangu. Boti ya futi 28 kwa kazi ya hori, chukua 15. Fedha utakayookoa nunua impela mbili za akiba na umwombe fundi akufundishe kubadilisha mwenyewe, majaketi kwa kila mtu, na kisu kilichofungwa kamba botini. Tafuta pondo mbili ndefu zilizonyooka, ngumu, za kukuzidi kimo zaidi ya mara mbili.

Namba yangu unayo. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri nitakuwa kwenye hori ile na mtumbwi wa yule mzee, ambao wanawe waliniachia alipofariki. Njoo na pondo zako. Mashine iache nyumbani.