Nina shilingi 1,400,000 na mwaliko wa Ujerumani: nianze kulipia nini?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 22, naishi Kyela. Kwaya ya vijana ya usharika wetu imealikwa na usharika rafiki wa Ujerumani kwa wiki tatu, kuanzia mwanzoni mwa Agosti. Wenyeji watatulaza majumbani mwao, watatulisha na kulipa nusu ya tiketi ya ndege. Mengine ni juu yetu. Wakala ametutajia tiketi ya 2,600,000. Sijawahi kutoka nje ya nchi na pasipoti sina, ila kitambulisho cha NIDA ninacho. Kwenye simu nina akiba ya 1,400,000, na baba ameniahidi 2,000,000 kokoa ikiuzwa. Jirani ananishauri niazime milioni tano, niziweke benki kabla ya kwenda ubalozini, halafu nizirudishe. Sasa ni Februari. Bajeti niipangeje? Na je, ninunue koti la baridi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa mwaliko.

Nianze na hizo milioni tano, maana ndizo zilizoninyima raha niliposoma barua yako. Usiziazime. Afisa wa viza haangalii salio la siku moja. Anasoma taarifa ya benki ya miezi kadhaa iliyopita, aone fedha inavyoingia na inavyotoka. Akaunti iliyokaa na elfu thelathini muda wote, halafu wiki moja kabla ya maombi ikapokea milioni tano, inamweleza hasa kile ambacho jirani yako anataka kifichwe. Ukinyimwa viza, ada hairudi, na kumbukumbu ya kunyimwa hukaa kwenye mfumo wa nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hadi miaka mitano. Na aliyekukopesha atakuja kudai chake.

Iko njia halali, na haikugharimu kitu. Ujerumani ina hati ya dhamana iitwayo Verpflichtungserklärung. Mwenyeji wako huenda ofisi ya wageni ya mji wake, analipa euro 29, anaonyesha kipato chake na kutia sahihi kwamba gharama zako ukiwa kule ni juu yake. Mwombeni kiongozi wa kwaya awaandikie wenyeji mapema na alitaje jina hilo kama lilivyo, watalielewa. Ukiwa na hati hiyo pamoja na barua ya mwaliko inayosema utalala wapi na nani anakulisha, swali la fedha zako mwenyewe linapungua uzito sana.

Halafu kuna baba. Kokoa ya Kyela inauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, inapigwa mnada, malipo yanaingia kwenye akaunti yake ya benki. Kwa hiyo mzee wako ana taarifa ya benki inayoonyesha kazi yake msimu kwa msimu, na hiyo ni ushahidi bora kuliko milioni tano za kuazima. Aandike barua fupi ya kukudhamini, aambatishe taarifa hiyo na nakala ya kitambulisho chake. Wewe nawe hamishia akiba yako benki wiki hii, uanze kujenga historia yako ndogo ya kweli.

Sasa hiyo ahadi ya milioni mbili. Muulize baba, kwa heshima, ameihesabu kwa bei ya lini. Bei ya kokoa katika soko la dunia ilipita dola 12,000 kwa tani mwezi Desemba 2024, kisha mwaka 2025 ikaporomoka vibaya. Mkulima aliyeonja bei ile bado anaiwaza. Mwambie akupe ahadi kwa kilo, si kwa shilingi: kilo hizi ni za chakula na ada za wadogo zako, hizi ni za safari. Kisha ninyi wawili mpige hesabu kwa bei ya chini. Mimi hapa nitaihesabu milioni mbili kama ulivyoandika, halafu nitaihesabu tena ikiwa milioni moja na nusu.

Bajeti yako ipange kwa kufuata tarehe za malipo. Jiulize ni fedha gani inatoka kabla ya kupata viza, na ipi inatoka baada. Fedha ya kwanza inaweza kupotea, kwa hiyo lazima iwe yako na iwe mkononi. Kwa wepesi wa hesabu nachukua euro moja kuwa shilingi 3,000. Wewe utaweka kiwango cha siku yako.

Kabla ya viza unalipa pasipoti, shilingi 150,000. Unalipa ada ya viza, euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, yaani 270,000. Kama maombi yanapokelewa na kituo kwa niaba ya ubalozi, nacho kina ada yake, iulizieni. Bima ya safari ni lazima, na iwe inalipia matibabu ya hadi euro 30,000 angalau. Tenga 150,000 mpaka upate bei halisi, na kabla ya kulipa uliza kama wanarudisha fedha viza ikikataliwa. Picha, nakala na vyeti, 60,000. Mwisho ni safari ya Dar es Salaam, ambayo sisi wa huku kusini huwa tunaisahau: alama za vidole hazitumwi kwa basi, unakwenda mwenyewe. Nauli, kulala na kula, tenga 200,000. Jumla ni 830,000. Unazo, na zinabaki 570,000. Kwa hiyo huhitaji kumngoja baba ndipo uanze.

Anza na pasipoti kesho. Maombi ya viza ya Schengen yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Lakini Agosti ni msimu wa wengi na miadi hujaa. Lengeni Mei.

Suala la tiketi nalisema kwa uchungu, kwa sababu limeshatupata nyumbani. Mtoto wa dada yangu alinunua tiketi isiyorudishika kabla ya viza, akiogopa bei kupanda. Viza haikutoka, na ng'ombe wawili wa shemeji yangu wakaenda hivyo hivyo. Ubalozi hauhitaji tiketi iliyolipiwa wakati wa maombi, buking inatosha. Kwa kuwa mnasafiri kikundi, ulizeni jambo hili kwenye kikao, na jibu liandikwe kwenye muhtasari: tiketi zikinunuliwa pamoja na mmoja akanyimwa viza, hasara ni ya nani?

Viza ikitoka, ndipo fedha ya pili inaanza kutembea. Nusu ya tiketi ni 1,300,000. Kwenda Dar kupanda ndege na kurudi nyumbani, 200,000, na humo mna usiku mmoja wa kulala Dar kabla ya safari. Usinibishie kwa huo usiku. Lori moja likilala kwenye mlima wa Kitonga, basi lako linashinda hapo na ndege haikungoji. Fedha ya mkononi, euro 10 kwa siku kwa siku 21, ni 630,000. Na euro 150 za dharura, 450,000, ambazo unaondoka nazo na unatarajia kurudi nazo. Jumla 2,580,000. Ukiweka 570,000 zako na milioni mbili za baba, unapungukiwa elfu kumi tu.

Kokoa ikileta 1,500,000, punguza fedha ya mkononi hadi euro 5 kwa siku, maana unalala na kula kwa wenyeji. Ya dharura usiiguse. Hapo pengo linakuwa 195,000. Ukiweka elfu arobaini kila mwezi, Machi hadi Julai, unapata 200,000. Ndiyo maana nasema uanze sasa.

Euro zako nunua benki au duka la fedha lenye leseni, utunze risiti, na uombe noti za kumi na ishirini. Zile za dharura ziache kwenye kadi ya benki, baada ya kuuliza tawi lako kama kadi inafanya kazi nje na makato yake ni kiasi gani. Mashine ya kule ikikuuliza unataka kukatwa kwa euro au kwa shilingi, chagua euro, maana kiwango cha mashine huwa kinakuumiza. Lipa namba na wakala utaviacha Dar. Laini yako usiizime moja kwa moja, kwa sababu ujumbe wa benki unaingia humo, ila zima data ukiwa bado uwanja wa ndege na tumia intaneti ya wenyeji.

Fedha ya mkononi huliwa na vitu vidogo. Maji ya bomba kule yananyweka, beba chupa yako. Ukinunua soda, chupa nyingi za plastiki zina amana ya senti 25, irudishe dukani udai chako. Vyoo vya stesheni mara nyingi vinalipiwa. Jumapili maduka mengi yanafungwa, na ukikosa kitu utakinunua stesheni kwa bei ya juu.

Zawadi zisikuingize kwenye faini wala kwenye kilo za ziada. Parachichi acha: matunda mabichi, isipokuwa machache kama ndizi na nanasi, hayaingii Ulaya bila cheti cha afya ya mimea, na nyama na maziwa hayaingii kabisa. Majani ya chai ya Rungwe na kitenge vinatosha, na ni vyepesi.

Angalieni pia ndege inapita wapi. Mkirudi kupitia nchi yenye homa ya manjano, kama Ethiopia, na mkakaa uwanjani zaidi ya saa 12, mtadaiwa kadi ya njano ya chanjo mkiingia Tanzania. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla, na gharama yake uiongeze kwenye ile 60,000.

Koti zito usinunue. Agosti kule ni kiangazi, mchana utavaa kama uko Kyela, jioni kama uko Tukuyu. Sweta moja nzuri na koti jepesi la mvua vinatosha, na vyote utavipata kwenye mitumba ya Mwanjelwa siku utakayopita Mbeya.