Jibu: Kabla ya dawa ya ngiri, figo zipigwe picha

Mkuu, acha hiyo dawa ya unga. Hata kama umeshatuma hela, iache iende. Mjomba wako wa miaka 46, mishipa imezuka ghafla juu ya korodani ya kushoto, mkojo umewahi kutoka mwekundu, halafu mtu wa WhatsApp ambaye hajamwona hata sura anakwambia ni ngiri? Unga huohuo nilimnunulia kaka yangu mimi. Nyumba nzima ilinuka mizizi.

Ngiri ni utumbo kushuka. Ukigusa ukahisi kama mfuko wa minyoo, hiyo ni mishipa ya damu, verikosili, na chanzo chake hakipo pale. Vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, ya korodani ya kulia humwaga damu moja kwa moja kwenye vena kuu. Ya kushoto hupanda tumboni ikaingia kwenye vena ya figo ya kushoto. Na vena hiyo ya figo ni ndefu, sentimita 6 hadi 10, wakati ya kulia ina 2 hadi 4 tu, kwa sababu vena kuu imekaa kulia. Ya kushoto inabidi ivuke mbele ya aota, ule mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, chini ya ateri inayolisha utumbo. Ikiziba au ikibanwa, damu inarudi korodani. Ndiyo maana verikosili nyingi ni za kushoto, na nyingi hazina hatari, msije mkatisha kila kijana.

Sasa tulipopigwa ni hapa. Verikosili ya kawaida hunywea ukilala chali. Ya kaka hata alfajiri, hajatoka kitandani, ipo vilevile. Aliniambia, nikamjibu dawa bado haijakolea! Mimi, mhasibu. Mkojo mwekundu ulipokuja, zahanati ikasema kichocho, si tumekulia ziwani? Akameza vidonge, damu ikakata, tukashukuru Mungu. Damu ya saratani ya figo huja na kukata yenyewe, na hakuna aliyetwambia. Yule muuzaji tulipomrudia akatuuzia "dozi ya kumalizia". Ningejua anakoishi ningempelekea figo yenyewe kwenye ndoo.

Ultrasaundi ilipopigwa, uvimbe ulikuwa figo ya kushoto na umeshaota mkia ndani ya vena yake, mpaka unachungulia kwenye vena kuu. Saratani ya figo ina tabia hiyo ya kutambaa ndani ya vena. Ungekuwa bado ndani ya figo, wangetoa figo yakaisha. Huu ilibidi vena kuu ifunguliwe, ndugu tukahangaikia damu. Yupo hai, figo moja, mkali kuliko zamani.

Verikosili isiyonywea ukilala, au iliyozuka ghafla ukubwani, au ya kulia peke yake, au inayokuja na damu kwenye mkojo: figo kwanza, korodani baadaye. Inaweza isiwe saratani. Wapo watu, hasa vijana wembamba, ambao vena hiyo hubanwa kati ya aota na ateri ya utumbo, nao hukojoa damu. Hilo picha ndiyo itasema, si mimi wala huyo wa unga.

Kuhusu uzazi uliouliza, ndiyo, verikosili inaweza kuharibu mbegu, ila hilo litasubiri. Mkifika msiseme "mpimeni korodani", watapima korodani tu, kama sisi mara ya kwanza. Semeni figo zote mbili na vena ya figo ya kushoto. Karatasi isomeni palepale dirishani. Figo isipotajwa, rudini ndani.