Usipanue njia, zisafishe tu

Ndugu, umeuliza kama uzichonge njia za hewa za silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda, chenye valvu) ya pikipiki yako ya zamani ziwe pana zaidi. Kwa pikipiki ya barabarani, hapana. Njia pana huipunguzia hewa mwendo injini ikizunguka polepole, na hapo nguvu ya chini, ile unayoitumia kila siku, inapotea. Alumini ukishaikwangua hairudi, labda uijaze kwa kuchomelea.

Kazi yenye faida iko chini tu ya siti ya valvu, yaani pete ambayo valvu hukalia ikijifunga. Ingiza kidole: mara nyingi utagusa kingo kali pale siti inapokutana na alumini. Hiyo ilainishe taratibu kwa msasa wa duara, bila kuigusa siti yenyewe. Ile kona fupi ya ndani, pale njia inapopinda kuelekea valvu, isawazishe kidogo sana. Ukiifanya kali, hewa inaachana na ukuta. Upande wa kuingiza hewa uishie msasa wa namba 80 hadi 120, usiung'arishe kama kioo. Wa moshi ukitaka ung'arishe.

Ila kabla ya yote pima gaidi za valvu, yaani vile vibomba ambamo shina la valvu hupanda na kushuka. Zikiwa zimelegea, valvu haikai sawa na uchongaji wote ni bure. Mimi ningelipia kwanza siti zikatwe pembe tatu, nyuzi 30, 45 na 60. Ukimaliza, osha hedi vizuri, vumbi la alumini linakwangua silinda, kisha angalia upya jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopima mafuta.